Umeme Unaopita Chini ya Bahari

1. Maporomoko ya Tshopo

Mto Tshopo unapita kaskazini mwa mji wa Kisangani. Mahali pamoja maji yake huanguka juu ya miamba kwa kishindo kikubwa. Katika miaka ya 1950 mafundi walijenga hapo nyumba ya mitambo. Maji huingia ndani ya nyumba hiyo kwa nguvu, hupiga magurudumu ya chuma, na magurudumu hayo huzungusha mashine zinazofanya umeme. Mashine ni tatu. Kutoka hapo umeme hushika njia ya waya, hupita juu ya nguzo kando ya barabara, hata kufika sokoni, hospitalini na nyumbani.

Mtoto akitaka kujua taa ya kwao inapata wapi nguvu yake, na afuate nguzo tu. Atatoka nguzo hii mpaka ile, na mwisho wa safari atasikia mlio wa maporomoko.

Lakini je, kama nyumba iko kisiwani, katikati ya bahari? Nguzo haziwezi kusimikwa katika kina cha bahari, wala waya hauwezi kuning'inia hewani kilometa 30 au 40 bila kitu cha kuushika. Hata hivyo viko visiwa vinavyopata umeme kutoka nchi kavu iliyo mbali. Umeme huo haupiti juu. Hupita chini kabisa, sakafuni pa bahari, mahali wanapotembea kaa na pweza. Mvuvi hupita juu yake na ngalawa yake, asijue kwamba chini yake unapita mwanga wa mji mzima.

2. Visiwa visivyo na maporomoko

Chukua ramani ya Afrika. Weka kidole juu ya Kisangani, kisha ukisogeze upande wa kusini-mashariki. Kitapita msitu mkubwa, kitavuka maziwa makuu, kitaingia nchi ya Tanzania, na mwisho kitafika bahari ya Hindi. Mbele ya pwani ile utaona visiwa viwili: Unguja na Pemba. Hivyo ndivyo visiwa vikubwa vya Zanzibar.

Visiwa hivyo vina minazi, mikarafuu, samaki na miji ya zamani. Lakini havina mto mkubwa kama Tshopo. Maji ya mvua huzama upesi katika mawe ya matumbawe, na watu huyapata tena kwa kuchimba visima. Basi, umeme wa maporomoko hauwezi kufanywa huko.

Hata hivyo watu wa Unguja walijua umeme zamani. Mwaka 1883 Sultani Barghash alijenga jumba kubwa ufuoni, liitwalo Beit el-Ajaib, maana yake Nyumba ya Maajabu. Jumba hilo lilikuwa la kwanza Zanzibar kuwashwa taa za umeme, na watu walisimama nje wakitazama.

Baadaye mji ulipata mashine zake. Lakini mashine ya namna hiyo haili maji ya mto. Yataka kuni, makaa au mafuta. Mafuta hayapatikani kisiwani. Kila pipa lazima lipakiwe katika merikebu, livuke bahari, lishushwe bandarini. Watu wa Kisangani wanaelewa jambo hilo vizuri. Mafuta yanayopandishwa kwa mashua kutoka Kinshasa husafiri zaidi ya kilometa 1,700 mtoni, na kila kilometa huongeza bei. Ndivyo ilivyo kwa kisiwa: taa inayokula mafuta ya mbali ni taa ya gharama.

Wakati huo huo, upande wa bara, mambo yalikuwa yakibadilika. Mwaka 1975 mitambo ya Kidatu ilianza kufanya umeme kwa maji ya mto Ruaha Mkuu. Bara kulikuwa na umeme wa maji. Kisiwani watu waliuhitaji. Kati yao kulikuwa na bahari.

Mwaka 1980 bahari hiyo ilivukwa. Waya mnene wa pekee ulilazwa chini ya maji kutoka Ras Kiromoni, kaskazini ya Dar es Salaam, mpaka Ras Fumba, kusini ya Unguja. Waya wa namna hii huitwa kebo. Kebo ile iliweza kupitisha megawati 45. Megawati moja ni wati milioni moja. Yatosha kuwasha taa 100,000 ndogo za wati 10.

3. Nguvu ya anguko

Kabla ya kuitazama kebo yenyewe, yafaa kujua umeme unavyosafiri mbali bila kupotea.

Fikiri juu ya maji. Mto Kongo, pale Wagenia wanapotega vikapu vyao, una maji mengi kupita kiasi, lakini hauanguki kutoka juu sana. Kijito cha mlimani kina maji machache, lakini huanguka kutoka juu mno. Vyote viwili vyaweza kuzungusha gurudumu. Kazi ya maji hutokana na mambo mawili: wingi wa maji na kimo cha anguko lake. Ukiwa na maji machache, ongeza kimo, na kazi itakuwa ile ile.

Umeme nao ni hivyo. Wingi wake unaopita katika waya huitwa mkondo. Kimo cha anguko lake, yaani nguvu inayousukuma, hupimwa kwa volti. Nyumbani umeme una volti 220 hivi. Katika kebo ya Unguja una volti 132,000.

Kwa nini volti nyingi hivyo? Sababu ni joto. Watu wengi wakitoka kwa pamoja katika mlango mwembamba, hubanana, husuguana, na jasho huwatoka. Mkondo mkubwa ukipita katika waya hufanya vivyo hivyo: waya hupata moto. Moto huo ni umeme uliopotea njiani. Haufiki kwa mtu yeyote. Basi, mafundi hupunguza mkondo na kuongeza volti. Tuseme volti zinaongezwa mara 4, na kazi ni ile ile. Mkondo utapungua mpaka robo, na joto linalopotea katika waya ule ule litapungua mara 16. Faida hiyo si ndogo.

Kabla ya kuingia baharini, umeme hupita katika chombo kiitwacho transfoma, kinachopandisha volti. Ukifika kisiwani hupita katika transfoma nyingine zinazozishusha tena kidogo kidogo, hata ziwe zinafaa kwa nyumba. Volti 132,000 zikiingia nyumbani bila kushushwa, zingeua watu na kuchoma nyumba.

4. Nguo tano za kebo

Umeme na maji ya chumvi ni maadui. Waya ulio uchi ukitiwa baharini, umeme wote utatoroka mara moja. Tena bahari ina chumvi inayokula chuma, mawimbi yanayosukuma na mawe yanayokwaruza. Kwa hiyo kebo huvikwa kama askari aendaye vitani.

Ndani kabisa kuna moyo. Moyo huo ni wa shaba au wa alumini, na ndiyo njia ya umeme. Mara nyingi mioyo mitatu husokotwa pamoja katika kebo moja.

Nguo ya kwanza ni ngozi nene isiyopitisha umeme. Zamani walitumia karatasi nyingi zilizolowa mafuta, zikizungushwa tabaka juu ya tabaka. Siku hizi hutumia plastiki ngumu iliyotengenezwa kwa uangalifu mkubwa. Tundu dogo ndani ya ngozi hiyo, hata dogo kuliko punje ya mchanga, laweza kuiharibu baada ya miaka.

Nguo ya pili ni bomba jembamba la risasi. Risasi hapa si ya bunduki. Ni madini laini na mazito. Kazi yake ni kuzuia maji.

Nguo ya tatu ni mto laini wa nyuzi na utepe, ili chuma kinachofuata kisiikwaruze risasi.

Nguo ya nne ni ya nyaya za chuma zilizopangwa moja kando ya nyingine kuzunguka kebo nzima. Hiyo ndiyo ngao. Huilinda kebo isikatike inapovutwa, wala isipasuke inapogongwa.

Nguo ya tano, ya nje, ni ya kamba na lami, au nyuzi za plastiki. Huzuia chumvi isile chuma upesi.

Kebo kubwa ikisha kuvikwa hivyo, yaweza kuwa nene kama mguu wa mtu mzima. Mita moja tu yaweza kuwa na uzito wa makumi ya kilo. Mtu mmoja hawezi kuinua urefu wa hatua mbili.

5. Kulaza kebo baharini

Kazi ya kulaza kebo huanza muda mrefu kabla ya merikebu kufika. Kwanza mafundi huipima sakafu ya bahari. Hupeleka sauti chini ya maji na kusikiliza mwangwi wake unaporudi. Sauti ikirudi upesi, bahari ni fupi. Ikikawia, ni ndefu. Kwa njia hiyo huchora ramani ya mabonde na milima iliyo chini ya maji. Huepuka miamba mikali, mahali pa merikebu kutia nanga, na mahali penye matumbawe mengi ambapo samaki huzaa.

Kisha huja merikebu ya kebo. Juu ya sitaha yake kuna sahani kubwa ya chuma inayozunguka, na juu ya sahani hiyo kebo imekunjwa duara juu ya duara, kama kamba ndani ya kikapu. Merikebu haiwezi kufika mchangani. Kwa hiyo ncha ya kebo hufungwa maboya, huelea juu ya maji, nayo huvutwa na mashine mpaka ufuoni. Hapo huingizwa katika mfereji na kufukiwa.

Ndipo merikebu huondoka polepole, kama mtu mwenye kuzeeka anavyotembea. Kebo hutoka nyuma yake na kuzama. Nahodha akienda mbio, kebo itakazwa na kuvutika. Akikawia, itajikunja na kufanya fundo. Usiku na mchana watu hukesha, kwa kuwa kazi ikianza si rahisi kuikatiza. Mahali pa maji mafupi, chombo kingine hufuata chini, hupuliza maji kwa nguvu mchangani, hufanya mfereji, na kebo huzikwa humo.

Kazi hii ilijifunzwa kwanza kwa nyaya za simu za maandishi. Waya wa namna hiyo ulifika Zanzibar kwa njia ya bahari kutoka Aden mwaka 1879, ukaendelea kusini mpaka Msumbiji na Afrika Kusini. Lakini waya wa simu hupeleka habari tu, nao hutumia umeme kidogo sana. Kupitisha umeme wa mji mzima ni kazi kubwa zaidi, na watu walichukua miaka mingi kuiweza.

6. Giza la Unguja

Kwa miaka mingi kebo ile ya mwaka 1980 ilifanya kazi yake kimya. Watu waliizoea. Mji ulikua, hoteli zilijengwa, vijiji viliwekewa nguzo, na kila mwaka watu walitumia umeme mwingi kuliko mwaka uliotangulia. Kwa kuwa umeme wa bara ulifika kila siku, mashine za zamani za mafuta hazikutunzwa ili ziweze kuusaidia mji siku ya shida. Kisiwa kizima kilining'inia katika kamba moja.

Mwezi wa Mei mwaka 2008 njia hiyo ilipata hitilafu. Umeme ulikatika Unguja yote, wala haukurudi kesho yake, wala juma lililofuata. Giza lilidumu karibu mwezi mzima. Mafundi walitengeneza, taa zikawaka, watu wakashukuru.

Lakini tarehe 10 Desemba 2009 umeme ulikatika tena. Safari hii ilikuwa mbaya zaidi. Noeli ilipita gizani, mwaka mpya ukaingia gizani, na taa hazikuwaka tena mpaka mwezi wa Machi mwaka 2010. Miezi mitatu.

Mtu aweza kusema: “Hata babu zetu waliishi bila umeme. Wawashe koroboi, mambo yataendelea.” Lakini mambo hayakuwa mepesi hivyo. Kumbuka kwamba maji ya Unguja yako chini ya ardhi. Hupandishwa kwa pampu, na pampu hutumia umeme. Umeme ulipokatika, mabomba nayo yalikauka. Wanawake na watoto walibeba ndoo na kutafuta visima. Wauza samaki walikosa barafu, na samaki asiyeuzwa siku ile ile alioza. Mafundi wa cherehani za umeme, wachomeleaji wa vyuma na wenye mashine za kusaga walikaa bila kazi. Wenye fedha walinunua jenereta, na mlio wake ulijaa mitaani pamoja na moshi. Wasio na fedha walisubiri.

Baadaye mtaalamu mmoja alichunguza vitabu vya hospitali vinavyoandikwa uzito wa watoto wanapozaliwa. Aliona kwamba watoto waliokuwa bado tumboni mwa mama zao wakati wa giza la mwaka 2008 walizaliwa na uzito uliopungua kidogo. Kazi zilipopungua, mapato yalipungua. Mapato yalipopungua, hata chakula cha mama mwenye mimba kiliguswa. Watoto hao hawakuliona giza lile, lakini liliwafikia.

Hapo watu walielewa kwamba kebo si ya taa peke yake. Ilikuwa imebeba maji, kazi na afya ya kisiwa.

7. Kutafuta ugonjwa wa kebo

Kebo ya bahari huharibika kwa njia nyingi. Nanga ya merikebu yaweza kuikamata na kuivuta. Wavu mzito wa kukokota samaki waweza kuikwaruza. Mkondo wa bahari waweza kuisugua juu ya mwamba mwaka hata mwaka, hata ngao ikatoboka. Tena mahali panapougua mara nyingi ni penye maungio, pale kebo ya bahari inapounganishwa na waya za nchi kavu.

Lakini fundi ajuaje mahali palipoharibika, na kebo imelala chini ya maji kilometa nyingi? Hawezi kuifukua yote.

Wazee wa Walokele, kando ya mto Kongo, walipeleka habari mbali kwa ngoma ya mti. Mtu akipiga ngoma mbele ya msitu ulio ng'ambo ya mto, baada ya kitambo kidogo husikia mwangwi. Msitu ukiwa karibu, mwangwi hurudi upesi. Ukiwa mbali, hukawia. Fundi wa kebo hufanya vivyo hivyo. Hupeleka pigo moja dogo la umeme ndani ya kebo. Pigo hilo likifika mahali palipoharibika, sehemu yake hurudi. Fundi huupima muda wake kwa chombo chepesi sana, maana umeme huenda mbio mno. Kutokana na muda huo hupiga hesabu na kusema: “Ubovu uko kilometa fulani kutoka hapa.”

Kama ubovu uko baharini, merikebu huja, huivua kebo, hukata sehemu iliyooza na kuunga kipande kipya. Kuunga si kufunga fundo. Kila nguo kati ya zile tano lazima irudishwe mahali pake, mahali pakavu, kwa mikono safi. Jasho moja likidondokea ndani, kazi yote ni bure. Tena merikebu za namna hii si nyingi duniani, na vipuri vyake haviuzwi dukani. Kama havikuwekwa akiba, lazima vitengenezwe ng'ambo na kusubiriwa. Ndiyo sababu giza la siku moja laweza kuwa giza la miezi.

8. Kamba ya pili

Baada ya giza lile, Zanzibar iliweka mitambo ya mafuta ya akiba mahali paitwapo Mtoni. Mitambo hiyo ni ya siku ya shida. Kwa kuwa mafuta ni ghali, haifai kutumiwa kila siku.

Kisha ilikuja kebo ya pili. Ililazwa kwa msaada wa fedha za Marekani, ikafunguliwa mwaka 2013. Nayo inatoka Ras Kiromoni mpaka Ras Fumba, na yaweza kupitisha megawati 100, yaani zaidi ya mara mbili ya kebo ya kwanza.

Nacho kisiwa cha Pemba hakikusahauliwa. Zamani Pemba ilipata umeme wa mashine za mafuta tu, nao haukutosha. Mwaka 2010, kwa msaada wa Norway, kebo ililazwa kutoka Tanga mpaka Wesha, karibu na Chake Chake. Urefu wake ni kilometa 78 hivi.

Kazi ya Pemba ilikuwa na ugumu wake. Bahari kati ya Unguja na bara si ya kina kikubwa, kwa kuwa zamani sana, maji ya bahari yalipokuwa chini, Unguja ilikuwa sehemu ya bara. Lakini Pemba ilitengana na bara miaka mamilioni iliyopita, na kati yao kuna bonde linalofika mita 800 hivi kwenda chini. Kebo inayoshushwa katika kina kama hicho hujivuta yenyewe kwa uzito wake, na ngao yake ya chuma ndiyo inayoishika isikatike.

Visiwa vya Zanzibar si vya kwanza kupata umeme kwa njia hii. Katika nchi ya Sweden kuna kisiwa kiitwacho Gotland. Mwaka 1954 kililetewa umeme kwa kebo ya bahari ya karibu kilometa 100. Mafundi wa huko walikutana na shida nyingine. Umeme wa kawaida haukimbii upande mmoja; huenda na kurudi mara 50 kila sekunde. Katika kebo ndefu sana ya bahari, sehemu kubwa ya nguvu huishia katika kuijaza kebo yenyewe na kuitoa, kama sifongo linalolowa na kukamuliwa, wala haifiki ng'ambo. Basi, kwa Gotland waligeuza umeme uwe wa kwenda upande mmoja tu, wakaupitisha baharini, kisha wakaugeuza tena kisiwani. Tangu hapo visiwa vingi vya mbali vimetumia njia hiyo.

9. Bara na kisiwa hutegemeana

Mtu asidhani kwamba sikuzote bara ndiyo inayotoa, na kisiwa ndicho kinachopokea. Kusini ya Dar es Salaam kuna kisiwa kidogo kiitwacho Songo Songo. Chini yake ilipatikana gesi. Tangu mwaka 2004 gesi hiyo hupita katika bomba, huvuka bahari, hufika Dar es Salaam, na huko huchomwa katika mitambo ya kufanya umeme. Umeme wa gesi huchanganyika na umeme wa Kidatu na wa mabwawa mengine. Mwaka 2024 bwawa kubwa la Julius Nyerere, katika mto Rufiji, nalo lilianza kutoa umeme. Wote huingia katika njia moja ya waya, kama vijito vinavyoingia mto mmoja. Hivyo taa inayowaka Unguja yaweza kupata sehemu ya nguvu yake kutoka kisiwa kingine kidogo, baada ya kuvuka bahari mara mbili.

Kisangani haina bahari, lakini ina somo lile lile. Mashine ya Tshopo ikiharibika, mitaa mingi hukaa gizani, na pampu za maji husikitika pamoja na taa. Watu hulalamika siku ile umeme ukatikapo. Lakini kazi ya kuzuia giza haifanywi siku ile. Hufanywa mapema, wakati taa zingali zikiwaka: kukagua, kupaka mafuta, kuweka vipuri, kuandaa njia ya pili.

Watazame Wagenia kwenye maporomoko yao. Miti yao mirefu husimama katikati ya maji makali, nayo imefungwa kwa kamba za msituni. Mvuvi mwenye akili hangoji mafuriko ndipo atazame kamba zake. Huzitazama maji yanapopungua, hubadili ile iliyochoka, na hafungi mti wake kwa kamba moja. Watu wa Unguja walijifunza jambo hilo kwa miezi mitatu ya giza. Waliosoma habari zao waweza kujifunza bila kukaa gizani.

Maswali

1. Kwa nini Unguja haiwezi kupata umeme kwa njia ya maporomoko, kama Kisangani?
2. Volti zikiongezwa mara 4 na kazi ikabaki ile ile, mkondo unakuwaje? Na joto linalopotea je?
3. Taja nguo tano za kebo ya bahari, na kazi ya kila moja.
4. Eleza kwa maneno yako sababu ya mabomba ya maji kukauka umeme ulipokatika Unguja.
5. Fundi anajuaje mahali kebo ilipoharibika chini ya bahari?
6. Kebo ya Fumba ya mwaka 1980 ilipitisha megawati 45, na ya mwaka 2013 megawati 100. Zote mbili zikifanya kazi pamoja, ni megawati ngapi?
7. Tafuta kitu kimoja nyumbani kwenu au shuleni ambacho watu wengi hukitegemea, lakini hakina cha akiba. Mwulize mzazi au mwalimu: kikiharibika leo, itakuwaje?